Maisha ya Bibi Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda katika sahifa hii kuwaeleza ndugu zetu khabari za mwanamke mmoja ambaye wengi katika sisi watu wa mwambao tumelisikia jina lake, lakini ni wachache tujuao alilolifanya. Bibi Dekha Ibrahim Abdi amefariki tangu mwaka 2011. Asili yake ni Wajir, katika nchi ya Kaskazini Mashariki ya Kenya, lakini miaka yake ya mwisho aliishi Mombasa, akatembea katika njia hizi tuzitembeazo, na aghlabu ya waliopishana naye hawakujua ni nani aliyepita.

Sababu ya kumwandika ni suala lililozuka katika darasa letu. Tulikuwa tukisoma juu ya kusuluhisha baina ya watu, na mmoja wetu akauliza: mtu hutokwa na nini moyoni hata akaiacha raha ya nyumba yake akaenda kusimama baina ya watu wenye bunduki, nao si watoto wake wala wadeni wake? Wengine walijibu kwamba ni thawabu. Jawabu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, kwani thawabu sote twaitaka na bado tumekaa majumbani. Tukaona bora tutazame maisha ya mtu mmoja aliyefanya, tuone alianzia wapi.

Kwanza yafaa kuijua nchi aliyozaliwa. Sisi wa pwani watu wa kule twawajua kwa ng'ombe na ngamia wao na kwa maduka yao, na mto wao wa Tana, upitao Garissa, ndio huo huo unaomwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Juu ya ujirani huu, nchi yao ilifungwa mbali nasi kwa makusudi. Wakoloni waliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na tangu mwaka 1926 ikawa nchi iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki illa kwa ruhusa. Sheria ya mwaka 1934 ikawapa maofisa nguvu za kuwakamata watu wa kabila na kutwaa mali yao kwa kuwa kabila hilo limehisabiwa kuwa adui, si kwa kuwa fulani ametenda kosa. Shule zilikuwa chache mno, na barabara ni mchanga. Mwaka 1962 wakapelekewa tume kuulizwa wanataka nini. Wengi wao, khasa Wasomali, wakasema wataka kujiunga na Somalia. Mwaka uliofuata Waingereza wakakataa, na Kenya ikapata uhuru wake Disemba 1963. Kabla mwezi ule haujesha, hali ya hatari ilikwisha kutangazwa huko, na Vita vya Shifta vikashika moto hata mwaka 1967, zilipopatana serikali mbili mjini Arusha. Vita vikesha, lakini hali ya hatari haikuondolewa hata mwaka 1991. Yaani mtoto aliyezaliwa siku ile ilipotangazwa aliweza kukua, kuoa na kupata watoto, wote wakiwa chini ya sheria ambayo Wakenya wenziwao wa Mombasa, Nakuru na Kisumu hawakuwa nayo.

Dekha alizaliwa Wajir mwaka 1964, katika mwanzo wa mambo hayo. Alipokuwa bado mtoto mchanga asiyejua kusema, risasi zilipita juu ya mji katika vita vile, na mama yake akamchukua akaingia naye chini ya kitanda. Yeye mwenyewe hakuyakumbuka hayo, kwani hakuna mtoto wa umri ule akumbukaye. Tumeyataja hapa kwa sababu yatarudi.

Jirani za wazazi wake walikuwa watu wa namna mbali mbali. Wajir ni mji wa Wasomali, lakini ni mji wa serikali pia, na watumishi wa serikali, walimu na askari hutoka bara na dini zao. Alikua akicheza na watoto wa Kikristo na wa makabila mengine, akila kwao nao wakila kwao, wala hapakuwa na aliyeona ni ajabu. Alipofika shule ya sekondari akakuta mambo ni mengine. Wanafunzi wametengana kwa dini na kwa asili, kila kundi na upande wake. Dekha na rafiki zake, wa dini yake na wa dini nyingine, walikataa kutenganishwa. Wakashikamana, na wakajitahidi kuwakusanya wenziwao. Hili ndilo jambo la kwanza la hadhara tulijualo katika maisha yake, naye alikuwa msichana wa shule tu.

Mtu aweza kusema hayo ni mambo ya watoto, na hayastahili kuandikwa. Sisi twaona yastahili. Baada ya kufa kwake, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji waliingia katika chuo kikuu cha Garissa alfajiri wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2014, basi lilisimamishwa karibu na Mandera, abiria wakatengwa namna ile ile, na wasiokuwa Waislamu 28 wakauawa. Na mwishoni mwa mwaka 2015, katika njia ya kwenda Mandera, wauaji walisimamisha basi jingine, wakataka tena kutenga. Mara hii Waislamu waliokuwa ndani walikataa kujitenga na wenziwao, na wanawake wakawapa wanawake wa Kikristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa abiria hao, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki. Hatusemi kwamba watu hao walifundishwa na Bibi Dekha. Twasema tu kwamba kukataa kutengwa ni jambo linaloweza kuanza katika benchi la shule, na siku moja likafika barabarani mbele ya bunduki.

Turudi kwenye khabari yake. Dekha alikua katika miaka ambayo watu wa nchi ile waliona dhulma kwa macho yao. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa na mashtaka kwa waliyoyatenda huko katika vita. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto, na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule wakakaa siku kadhaa bila chakula wala maji. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani kwa siku kadhaa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Watu wa Wajir walihisabu mamia kwa mamia, na wengine wakapita elfu. Bwana Ahmed Khalif, mbunge wa kule, aliipigia kelele khabari hii bungeni. Na insafu yatulazimu kusema kwamba miongoni mwa waliokwenda kuokota majeruhi na maiti alikuwamo mwanamke wa Kikristo wa Kitaliana, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir. Naye kwa ajili hiyo hakuachwa akae Kenya.

Dekha wakati huo alikuwa na miaka kama ishirini. Lau angelitoka katika miaka ile na moyo wa chuki tu juu ya serikali, hapana ambaye angemlaumu. Wengi walitoka hivyo. Lakini hapa ndipo tuonapo tofauti yake na wengi. Mwenye kudhulumiwa hupenda kudhani kwamba yeye hawezi kudhulumu. Kosa lote liko kwa mwenye nguvu, na nyumbani kwake ni salama. Miaka ya mwanzo ya tisini ikaja kuwaonyesha watu wa Wajir kwamba sivyo.

Hali ya hatari iliondolewa mwaka 1991. Mwaka huo huo serikali ya Somalia ilianguka, bunduki zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi. Ukame mkubwa ukaja, mifugo ikafa kwa wingi, na wafugaji waliobaki na kidogo wakagombea majani na visima. Mwisho wa mwaka 1992 ukaja uchaguzi wa vyama vingi, na wanasiasa wakafanya kama kawaida yao, wakazihisabu koo kama kura. Degodia, Ajuran na Ogaden wakapigana. Waliouana hawakuwa serikali na raia. Walikuwa Waislamu wa kibla kimoja, lugha moja na, kwa nasaba, babu mmoja. Walioangamia wakapita elfu moja. Walimu na waganga wa bara wakakimbia, shule zikafungwa, na mji wa Wajir ukagawanyika; hata sokoni mwanamke wa ukoo huu akawa haachiwi kuuza wala kununua kwa mwanamke wa ukoo ule.

Usiku mmoja katika vita hivyo bunduki zililia karibu na nyumba ya Dekha. Alikuwa amekwisha olewa na amepata mtoto wake wa kwanza. Akamchukua mtoto akaingia naye chini ya kitanda, wakakaa huko saa nyingi, risasi zikipita nje ya dirisha. Kulipokucha, mama yake akakumbuka. Akamweleza binti yake kwamba katika miaka ya sitini yeye naye alimficha chini ya kitanda, na binti yule aliyefichwa ndiye huyu anayemficha mwanawe leo.

Tukirudi kwenye suala la darasa letu, twaona kwamba jawabu lake, au sehemu kubwa ya jawabu lake, limo katika asubuhi ile. Dekha mwenyewe alipoulizwa na watu wa mbali kilichomtoa nyumbani, alikuwa akikieleza kisa hiki. Hakuwaeleza nadharia. Aliona kwamba kitanda kimekuwa urithi katika nyumba yao, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na kwamba yeye asipofanya kitu basi mwanawe naye siku moja ataingia chini yake na mtoto mikononi. Na aliona jambo jingine lililo gumu zaidi: mara ya kwanza waliopiga bunduki walikuwa askari na shifta, na mara ya pili ni ndugu zao wenyewe. Kwa hivyo haitoshi kuwalaumu watawala.

Mwaka 1993 kulikuwa na arusi mjini Wajir. Arusi ni mahali ambapo wanawake wa koo mbali mbali bado waliweza kukaa jamvi moja. Dekha na wanawake wengine waliosoma wakazungumza pale juu ya vita, na mazungumzo hayakwisha siku ile. Wakaitana, kisha wakakusanyika makumi kwa makumi wa koo zote, na katika mikutano hiyo kikazaliwa chama cha wanawake wa Wajir cha kutafuta amani.

Walitangulia kuulizana suala moja kabla hawajafanya lo lote, nalo ndilo lililotushika zaidi katika khabari zote hizi. Kila mmoja aliulizwa: watu wa ukoo wangu wakiwaua jamaa zako kesho, mimi na wewe tutaendelea kufanya kazi pamoja? Asiyeweza kuitikia aliambiwa asiingie. Mpime suala hili, enyi ndugu. Ni jepesi kusema twapenda amani watu wakiwa hawajafa. Wao walijua kwamba watu watakufa bado, na kwamba maiti wa kesho atakuwa jamaa ya mmoja katika wao, na wakataka ahadi itolewe kabla maiti hajalala. Huku ndiko tukuitako kuihisabu nafsi. Bibi Dekha alishika jambo hili mpaka mwisho wa umri wake; wote aliowafundisha aliwaambia waanze kwa kutazama upendeleo ulio ndani yao wenyewe kabla ya kumwendea mgomvi ye yote.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa sokoni. Hawakwenda kwa wapiganaji wala kwa wakubwa. Walisema soko na liwe la wote. Wakaweka wanawake wa kuangalia, na kila mwanamke aliyedhulumiwa au kukataliwa kwa ajili ya ukoo wake, khabari ilipelekwa kwa wenzake, wakaenda wakasuluhisha papo hapo. Yaonekana ni jambo dogo. Lakini maziwa hayangojei. Yakikosa mnunuzi asubuhi jioni yamekwisha haribika, na nyumba ya muuzaji imelala njaa. Soko lilipofunguka, watu wa koo mbili wakawa wanaonana kila siku, wakawa na khabari za kweli badala ya uvumi.

Kisha wakawaendea wazee. Hapa yatupasa tuseme neno, kwani tuna ndugu zetu ambao wakisikia mwanamke ameingia katika suluhu hukunja uso. Desturi ya Kisomali ni kwamba baraza la sulhu ni la wanaume, na Bibi Dekha na wenziwe hawakulivunja baraza hilo wala kukalia viti vya wazee. Walifanya jambo la akili zaidi. Mwanamke wa kule aghlabu huolewa nje ya ukoo wake. Baba na ndugu zake wako upande huu, mume na watoto upande huu. Vita vikipiganwa hufiwa kote kote, na mlango hafungiwi ko kote. Basi wakaingia milango yote miwili, wakawaomba wazee wakutane. Ilipotokea shaka nani awe mbele ya mkutano, waliendewa wazee wa ukoo mdogo, ambao hawakuwa na nguvu ya kumtisha mtu, na kwa hivyo hapana aliyewaogopa. Septemba 1993 wazee wa koo zote wakatia saini mapatano yaliyoitwa Azimio la Al-Fatah, la kusimamisha vita, kurudisha mali iliyoibwa na kulipana diya kwa mambo yatakayotokea. Anayetaka kujua kama mwanamke amevuka mpaka wa heshima na atazame mwisho wa kazi: wazee walikaa mahali pao, na damu ikasimama.

Haikusimama mara moja. Watu wanaopenda visa vizuri husema azimio likatiwa saini na vita vikesha, nayo si kweli. Kila palipotokea mauaji au wizi wa ngamia, kundi la wazee, wanawake, masheikh na watu wa usalama liliondoka hima kwenda mahali penyewe kabla ya jamaa za maiti kujikusanya kulipiza kisasi. Vijana wenye bunduki walipoambiwa waziweke chini, waliuliza watakula nini, na suala hilo lilikuwa la haki. Basi wafanyi biashara nao wakaingizwa katika kazi. Mkuu wa Wilaya na askari, ambao miaka thelathini walikuwa wakiogopwa, wakakalishwa meza moja na raia. Mwaka 1995 jambo hili likapata umbo la kamati ya amani na maendeleo ya Wajir, katika mipango ya serikali ya wilaya.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Mwanamke huyu alikuwa na kila sababu ya kutokaa na serikali. Alikaa nayo. Hakusema yaliyopita yamepita. Khabari za Wagalla ziliendelea kudaiwa, na madai hayo ni haki ya wenyewe. Alitambua kwamba raia anayetengwa huweza kudai haki yake kwa njia mbili: kwa kujitenga zaidi, au kwa kuingia ndani na kuwalazimisha wenye amri wamwone. Alichagua ya pili. Na chombo kilichozaliwa katika mji ambao Nairobi iliuhisabu kuwa mwisho wa dunia kikachukuliwa na wilaya nyingine. Mwaka 2001 watu wa Garissa, Wajir, Mandera na jirani zao walikutana Modogashe, wakatoa azimio lao juu ya malisho, wizi wa mifugo na diya. Kamati za amani za wilaya zikaenea katika sehemu nyingi za Kenya, na chanzo chake kikitafutwa hupatikana katika soko la maziwa la Wajir.

Tuseme pia lililo letu. Twasoma khabari za Degodia na Ajuran tukatikisa vichwa, kama kwamba asabiya ni ugonjwa wa watu wa jangwani. Je, Mombasa haikugawanyika baina ya Thalatha Taifa na Tisa Taifa, watu wakagombea cheo na heshima miaka na miaka? Hapana kati yetu aulizaye posa inapoletwa, huyu ni mtu wa wapi, kabla hajauliza anasali? Aya ya 135 ya Sura An-Nisaa inatuamrisha kusimamisha haki ijapokuwa juu ya nafsi zetu na wazazi wetu na jamaa zetu. Twaisoma kwa tajwidi nzuri. Wanawake wa Wajir waliigeuza kuwa sharti la kuingia chamani.

Miaka iliyofuata Bibi Dekha aliitwa mbali. Alikwenda Birmingham, Uingereza, akawa miongoni mwa walimu wa watu waliotoka katika nchi zenye vita, na mwaka 2000 kikatoka kitabu cha mafunzo, Working with Conflict, alichokiandika pamoja na wenziwe watano. Alishiriki katika kuanzisha umoja wa watafuta amani wa Afrika, akasafiri nchi nyingi. Mwaka 2007 alipewa katika nchi ya Sweden tuzo kubwa iitwayo Right Livelihood, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya amani ya jimbo la Hessen, Ujerumani. Hatutakaa sana juu ya tuzo. Wanaozipenda watazipata kwingine. Linalotupendeza sisi ni kwamba alisimama mbele ya watu hao wote na mtandio wake kichwani, akasema wazi kwamba msingi wa kazi yake ni Uislamu, na hapo hapo akafanya kazi bega kwa bega na Wakristo bila ya kuwataka waache dini yao wala yeye kuificha yake. Kuna wanaodhani kwamba mtu lazima achague moja katika mawili hayo.

Mwisho wa mwaka 2007, mwezi huo huo aliporudi na tuzo yake, Kenya nzima iliingia katika jambo lililokuwa likiitwa la Kaskazini Mashariki. Uchaguzi uligombewa, na majirani wakatoana majumbani. Waliokufa walipita 1,100, na waliohamishwa makwao walihisabiwa laki sita na zaidi. Watu watano wakakutana Nairobi siku za mwanzo kabisa kuanzisha jumuiya ya raia wenye kuhuzunishwa na hali ile: Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazarus Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande, Bwana George Wachira, na Bibi Dekha. Katika hao watano majenerali ni wawili na balozi mmoja, wote watu waliokwisha kushughulikia kazi ya amani katika nchi nyingine. Na pamoja nao amekaa mwanamke wa Wajir. Kila asubuhi walifungua baraza katika hoteli ya Serena, mtu ye yote aje aseme lililo moyoni na lililotokea kwao, na kutoka hapo wakapeleka maneno kwa wakubwa na kwa wilaya.

Mtu angeweza kufurahi kwa ubaya, akasema: leo na nyinyi mmeonja. Watu wa Garissa na Wajir walikuwa wameachwa peke yao miaka mingi, na wakati Wagalla ilipotokea si wengi wa bara wala wa pwani waliofungua midomo. Bibi Dekha hakuchukua njia hiyo. Aliyoyajua juu ya soko la Wajir, juu ya uvumi na kisasi na vijana wasio na kazi, aliyaleta yote akawapa wale ambao nchi yao haikuwahi kumhisabu kuwa ni mtu wake kamili. Tumelifikiri jambo hili sana katika darasa letu, na baadhi yetu bado hawakubali kwamba wao wangeliweza.

Aliendelea na kazi ile hata mwaka 2011. Mwezi wa Julai mwaka huo alikuwa njiani kwenda Garissa pamoja na mumewe, kwa ajili ya mkutano wa mambo ya amani. Gari lao likapata ajali. Mumewe na dereva walifariki. Yeye alichukuliwa na majeraha hata hospitali ya Nairobi, akakaa siku chache, akafariki tarehe 14 Julai. Umri wake haukufika hamsini. Aliacha watoto, na miongoni mwao yule aliyemficha chini ya kitanda usiku ule, ambaye alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mumewe na dereva wao, na awarehemu wote waliouawa Bulla Karatasi, Wagalla na Garissa, wanaojulikana makaburi yao na wasiojulikana. Amin.